Siku yangu: mtu mmoja, sindano moja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko Kimara kwenye foleni ya mwendokasi, nasukumana na wenzangu kama kawaida. Mimi ni muuguzi kwenye utafiti wa chanjo mpya ya taifodi, ile hatua ya mwanzo kabisa, kwa watu wazima wenye afya. Leo tunaanza dozi ya juu, na anachomwa mtu mmoja tu. Wenzake watasubiri mpaka tuone amelalaje na ameamkaje.

Saa moja na nusu. Kabla ya chai, friji. Nasoma kipimajoto, naandika, natia saini. Nyuzi 2 hadi 8, nje ya hapo chanjo inawekwa kando. Usiku umeme ulikatika lakini jenereta liliwahi.

Saa mbili na nusu anaingia mshiriki wetu, bodaboda wa Tandale, helmeti mkononi. Fomu ya ridhaa alishasaini siku za uchunguzi, ila leo narudia kumuuliza. Hapa sina haraka kabisa.

"Sista, kwa hiyo mnanitia taifodi kidogo?"

Hapana kaka. Humu hamna kijidudu hai. Ni sukari ya ganda la nje la bakteria, imeunganishwa na protini ili mwili uikumbuke vizuri. Chanjo za aina hii zipo tayari, WHO inazipendekeza tangu 2018. Hii yetu ni mpya, ndiyo maana kwanza tunaangalia usalama. Namwambia pia kwamba anaweza kujitoa wakati wowote, hata sasa hivi, na hakuna atakayemnunia.

Akacheka. "Mimi taifodi inanisumbua kila mwezi."

"Ulipimwaje?"

"Widali, pale duka la dawa."

Hapo ndipo huwa nachoka. Dar nzima ina taifodi ya Widali! Kipimo hicho kinaweza kusema ndiyo hata kama homa yako ni ya kitu kingine. Kuotesha damu maabara, yaani kukuza bakteria waliomo mpaka waonekane, ndiko kunakoaminika zaidi, japo majibu huchukua siku kadhaa na hata huko wagonjwa wengine huponyoka.

Saa nne kamili, sindano, bega la kushoto. Trei ya dharura iko mezani, adrenalini (dawa ya mzio mkali) juu, daktari yuko mlangoni. Dakika 60 za kumtazama. Presha, joto, mapigo, mkono umevimba? Yeye anabishana na mlinzi kuhusu Simba na Yanga. Mimi natazama saa kuliko wao wote wawili.

Mchana wali maharage, basi.

Saa nane, makaratasi. Nimekosea tarehe kwenye fomu moja. Kufuta ni marufuku: unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika iliyo sahihi pembeni, saini, tarehe. Mwaka wa kwanza nilidhani ni usumbufu. Siku hizi hata daftari la vikoba nyumbani nalisahihisha hivyo hivyo, shoga zangu wananishangaa.

Saa mbili usiku nampigia. Tulimpa kipimajoto, rula ya kupimia uvimbe na kadi ya kujaza siku 7.

"Mkono unauma kidogo, sista. Joto 37.1."

"Umeandika?"

Kimya. Nasikia pikipiki ikizimwa.

"Ngoja nitafute kalamu."

Nikasubiri.