Mipira 149 ya Edwin Jackson

Juni 2010 kila Mwafrika niliyemfahamu kule Florida alikuwa akiishi kwa saa za Afrika Kusini. Kombe la Dunia lilikuwa limeshika moto, na Ijumaa ile ya tarehe 25 tulikuwa tumeamkia Brazil na Ureno, tukaambulia sare ya bila kufungana. Kesho yake Ghana ilikuwa inakutana na Marekani. Kwa hiyo shemeji aliponipigia mchana kuniambia kapewa kazini tiketi mbili za beseboli, nilikaribia kumwambia nina homa.

Shemeji ni mume wa dada yangu, mtu wa Tanga kama mimi, ila yeye alishakaa Tampa muda mrefu na maradhi ya pale yalishamwingia. Alikuwa anasambaza mikate madukani, na redio ya gari lake ilikuwa haishiki vizuri stesheni yoyote isipokuwa ile inayotangaza mechi za Tampa Bay Rays. Akaujua mchezo kwa masikio kwanza, macho yakafuata.

"Leo anarusha Edwin Jackson," akaniambia nilipopanda garini. "Huyu alikuwa wetu."

"Akaenda wapi?"

"Bora uniulize hajaenda wapi."

Foleni ilitushika juu ya daraja la Howard Frankland, lile linalotoka Tampa kwenda St. Petersburg, na hapo ndipo akanipa habari za mtu huyo tangu mwanzo. Jackson alizaliwa Neu-Ulm, Ujerumani, baba yake akiwa mwanajeshi wa Marekani, kwa hiyo kuhamahama kulimwanza na maziwa ya mama. Los Angeles Dodgers walimchukua akiwa kijana wa sekondari. Siku ya kwanza walipompandisha ligi kuu ilikuwa tarehe 9 Septemba 2003, siku anayotimiza miaka 20, na aliyepangwa kurusha dhidi yake ni Randy Johnson, jitu la futi 6 na inchi 10 ambalo wapigaji wazima walikuwa wakiliogopa. Kijana akashinda. Wote wakasema nyota imezaliwa.

Nyota haikuzaliwa. Mkono alikuwa nao, mpira wake ulipita kilomita 150 kwa saa bila taabu, lakini haukwenda kila mara alikoutuma. Dodgers wakachoka, mwaka 2006 wakampeleka Tampa Bay. Msimu wa 2007 alishinda mechi 5 akapoteza 15. Msimu uliofuata akashinda 14 na timu ikafika fainali ya ubingwa, ikafungwa na Philadelphia. Na shukrani aliyopewa ni kupelekwa Detroit, wakabadilishana naye kijana mmoja anaitwa Matt Joyce. Detroit alichaguliwa timu ya nyota wote wa ligi. Msimu ulipokwisha akatiwa kwenye mpango wa klabu tatu, akajikuta Arizona. Miaka 26, klabu ya nne.

"Na yeye hakatai?"

"Akatae kwa lipi, shemeji? Huku mchezaji mpaka atimize miaka 6 ya utumishi ligi kuu ndipo awe huru kujiuza. Kabla ya hapo klabu inamwamulia. Anaamka asubuhi, simu inalia, anaambiwa funga begi."

Nilikuwa nafanya kazi za wakala wakati huo, wiki hii ghala la matunda, wiki ijayo kufua mashuka ya hoteli, na simu ya asubuhi niliijua. Lakini sikujifanya tuko sawa. Yeye alikuwa analipwa mamilioni.

Uwanja wa Tropicana Field umefunikwa juu, na kuba lake limeinama upande mmoja kama kofia iliyovaliwa kwa mbwembwe. (Kimbunga Milton kililichana paa hilo Oktoba 2024, picha zilinisikitisha kuliko nilivyotegemea.) Ndani hakuna jua wala upepo, nyasi ni za bandia, na nyuma ya uwanja upande wa kulia kulikuwa na tangi la maji lenye taa hai, wale samaki bapa ambao timu imechukua jina lao, watoto walipanga foleni kuwashika mgongo. Washangiliaji wa pale wanapiga kengele za ng'ombe. Yaani kengele zenyewe za chuma, mkononi, mtu mzima na akili zake. Tulikaa juu, upande wa besi ya kwanza, mbele ya mama mmoja aliyekuwa na kengele mbili.

Shemeji alitoa karatasi yenye viboksi na kipande cha penseli. Kila mpigaji ana kiboksi chake kwa kila awamu, yaani zamu ya timu kupiga, inayokwisha wapigaji watatu wakitolewa, na mechi ina awamu tisa. Kila linalompata linaandikwa. Nilimdharau kidogo, mtu anakuja mpirani kujaza fomu? Lakini karatasi ile ndiyo iliyonifundisha kuuona usiku ule.

Jackson alianza vibaya. Sina neno la kumpamba. Mrushaji anatakiwa autie mpira ndani ya eneo dogo juu ya besi ya nyumbani, ile ya mwisho kati ya nne ambazo mpigaji huzunguka kupata bao, kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Akiukosesha eneo hilo mara nne na mpigaji asidanganyike kuupiga, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, anatembea taratibu kwenda kuichukua. Shemeji aliandika herufi mbili kila ilipotokea, B na B. Akaandika. Akaandika tena. Mdakaji wake, Miguel Montero, alikuwa akijinyoosha huku na kule kuokota mipira iliyopotea njia. Mama wa kengele alikuwa na raha zake.

Awamu ya pili Adam LaRoche wa Arizona aliupiga mpira ukaenda jukwaani, wanaita homurani, mpigaji anazunguka besi zote bila kuzuiwa, 1–0. Nilidhani huo ni mwanzo tu wa kufungana. Ndiyo yaliyokuwa mabao yote ya usiku ule.

Awamu ya tatu ndiyo iliyotakiwa kummaliza. Alitoa besi za bure tatu mfululizo. Besi zote zikajaa, hakuna aliyetolewa, na wapigaji wazito wa Rays wamejipanga. Kwenye karatasi ya shemeji B zilikuwa zimejazana kona ile. Saba katika awamu tatu. Kengele zilipigwa hadi nikahisi meno yanagongana. Jackson alishuka kwenye kile kichuguu anachorushia, akatembea nyuma yake, akaokota mfuko wa unga, akautupa chini, akapanda tena. Uso haukusema kitu. Nilimtazama nikasubiri woga, maana mimi ningekuwa natafuta mlango, lakini alionekana mtu anayesubiri basi lichelewe lisichelewe.

Wakatoka wapigaji watatu bila bao. Mpaka leo siwezi kukueleza kwa ufasaha ilikuwaje, maana nilikuwa nimegeuka kumwangalia mama wa kengele alivyonyamaza.

Ilipofika awamu ya sita nikaona jambo ubaoni. Kila timu ina safu ya mabao, safu ya mapigo na safu ya makosa. Pigo huhesabiwa pale tu mpigaji anapoupiga mpira akafika besi salama kwa sababu hiyo. Rays safu ya mapigo walikuwa na sifuri.

"Shemeji, mbona hawa hawajapata hata pigo—"

"Nyamaza."

Hakuwa na mzaha. Mrushaji anapokaribia kumaliza mechi nzima bila kupigwa hata pigo moja halali, jambo ambalo wengi wao wanastaafu hawajaligusa, mwiko ni kulitaja. Wenzake hawakai naye benchi, hawamsemeshi, anaachwa peke yake. Tatizo ni kwamba shemeji alikuwa amevaa kofia ya Rays. Mtu wa Rays wa kweli angepaswa kulitaja kwa sauti, alipigie na kengele, ili mkosi umkute adui.

"Kwani wewe uko upande gani?" nikamnong'oneza.

"Niko upande wa karatasi yangu."

Na karatasi ilikuwa imegeuka. Upande wa kushoto, awamu zile tatu za mwanzo, ilikuwa vurugu tupu, B juu ya B, mishale ya watu waliofika besi. Kuanzia ya nne viboksi vilikuwa safi, au karibu ya kuwa safi. Nimesikia watu wakiusema mchezo ule kwamba ulikuwa mbaya, kwamba mtu aliyetoa besi za bure 8 hastahili kuwekwa kundi moja na waliofanya jambo hilo kwa usafi. Rays wenyewe walikuwa wameshafanyiwa huo usafi mara mbili ndani ya mwaka mmoja: Mark Buehrle wa Chicago White Sox, Julai 2009, na Dallas Braden wa Oakland, Mei 2010, wote wawili hawakuruhusu mtu yeyote afike hata besi ya kwanza. Mimi nasema afadhali nilichokiona. Wale wawili kila kitu kiliwaendea sawa. Huyu alianza kazi mikono ikimkataa, akaitengeneza kazi huku akiifanya, mbele ya watu wa klabu iliyomuuza.

Hesabu ya mipira ilikuwa inaonyeshwa. Siku hizi mrushaji akifika 100 kocha anaanza kumwandalia mbadala, kwa kuuhurumia mkono, na kwa kuihurumia fedha iliyowekwa kwenye huo mkono. Jackson alizipita 100, akazipita 120. Kocha wake, A.J. Hinch, alikuwa na kila sababu ya kumtoa, na baadaye ikajulikana kwamba Jackson hakutaka kusikia habari hizo. Awamu ya nane ikapita. Shemeji alikuwa ameuma penseli hadi rangi imemganda mdomoni.

Awamu ya tisa watu wa Tampa Bay walianza kusimama. Wachache mwanzo, halafu safu yetu nzima. Sijui walisimama kumshangilia nani. Nadhani kila mtu alikuwa na wake. Mpigaji wa mwisho alikuwa Jason Bartlett. Mpira wa 149. Akaugonga chini, ukamdundia Stephen Drew, Drew akaurusha besi ya kwanza, imekwisha. Wenzake wakamvamia pale pale uwanjani. Na nyuma yangu, naapa, kengele mbili zikapigwa. Yule mama alikuwa anampigia Jackson.

"Alikuwa wetu huyu," akatuambia, maneno yale yale ya shemeji.

Jumamosi Asamoah Gyan aliifungia Ghana dakika ya 93, Marekani ikaaga mashindano, na nyumba nzima tulilia kwa furaha. Kati ya mechi na pilau nilijaribu kuwasimulia wenzangu nilichokiona St. Petersburg. Hakuna aliyenisikiliza. Mtu mmoja aliniuliza mabao yalikuwa mangapi, nikamjibu moja, akaondoka kwenda kuchukua soda.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 Julai, uwanja ule ule, Matt Garza wa Rays naye akamaliza mechi bila kupigwa pigo, mara ya kwanza kwa klabu hiyo. Mabao manne kati ya matano aliyapatia Matt Joyce kwa pigo moja, besi zikiwa zimejaa: yule yule aliyebadilishwa na Jackson. Na mrushaji aliyempa Joyce mpira huo alikuwa Max Scherzer, aliyekwenda Detroit katika mpango ule ule uliompeleka Jackson Arizona. Shemeji alinieleza hayo akiwa amesimama sebuleni, mikono inachora hewani nani katoka wapi kaenda wapi.

Siku nne tu, akapiga simu tena. "Wamemhamisha." Arizona walikuwa wamempeleka Chicago White Sox. Hata wiki sita hazijapita tangu usiku ule. Nilikasirika kwa niaba yake, jambo la kipuuzi, lakini shemeji alilichukulia kawaida. Timu zinazobomolewa huuza mkono uliopanda bei, na mkono wa Jackson ulikuwa umepanda. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Julai 2011, White Sox walimpeleka Toronto Blue Jays, na Toronto siku hiyo hiyo wakampitisha kwenda St. Louis, akatwaa nao ubingwa. Kwenye shehena hiyo ya kwenda St. Louis alikuwemo pia Octavio Dotel, ambaye mwaka 2012 aliweka rekodi ya kuchezea klabu 13.

Alipokuwa huru hatimaye, alicheza msimu mmoja Washington, kisha Chicago Cubs wakampa dola milioni 52 kwa miaka 4. Msimu wa kwanza kwa Cubs alipoteza mechi 18. Walimwacha 2015 mkataba ukiwa bado unamlipa. Baada ya hapo ni Atlanta, Miami, San Diego, Baltimore, Oakland. Mei 2019 alirusha kwa Toronto, klabu iliyommiliki saa chache tu 2011, na hiyo ikawa ya 14, akampita Dotel. Anayetaka kumcheka ana hesabu tayari: alishinda 107, akapoteza 133. Lakini hakuna klabu inayompa mtu mpira mara 133 ashindwe kama hana anachowapa, na alichowapa ni awamu. Mwaka ule wa 2010 peke yake alirusha zaidi ya awamu 200. Kila timu ina mechi 162 za kujaza, na mtu wa kuzijaza hapatikani kirahisi.

Julai 2025 Rich Hill naye akafikisha klabu ya 14, kwa jezi ya Kansas City. Shemeji amekataa katakata kuikubali. Anasema Hill kaifikia akiwa na miaka 45, Jackson alikuwa na 35, na ukigawa miaka kwa klabu Jackson bado anaongoza. Nikamwambia rekodi haigawanywi. Akaenda chumbani kutafuta ile karatasi ya viboksi, kwa madai kwamba ina ushahidi, ingawa wa nini mimi sikuelewa, na dada akatuambia sote wawili tutoke nje tukabishane uani, yeye anataka kuangalia tamthilia yake.