Nilivyoandika shukrani za chuo chetu kwa majina na kwa matendo

Ripoti ya mwaka ya chuo chetu kikuu kishiriki ilikuwa na ukurasa wa shukrani usiobadilika. Ulianza na uongozi wa juu, ukashuka kwa wafadhili, halafu ukafunga na ile sentensi ambayo kila aliyewahi kuhudhuria mahafali anaijua kwa moyo: tunawashukuru wote waliofanikisha kazi hii kwa njia moja au nyingine, kwani ni wengi mno kuwataja mmoja mmoja. Nilipoteuliwa kuwa katibu wa kamati ya mahafali, niliomba niachiwe ukurasa huo. Nilitaka hao wengi mno watajwe, kila mtu na jambo alilofanya. Rasi, yaani mkuu wa chuo chetu, alikubali kwa sharti moja: kila nitakachoandika kiwe cha kweli na kiweze kuthibitishwa. Sharti hilo lilinisaidia kuliko ruhusa yenyewe.

Mwaka ule tulikuwa na mengi ya kujivunia. Programu mpya ya shahada ilipata ithibati, yaani kutambuliwa rasmi. Tasnifu za zamani, zilizokuwa zimelala kwenye makabati ya maktaba, ziliingizwa kwenye kanzidata na sasa zinasomeka popote penye intaneti. Maabara ya biolojia ilikamilisha utafiti mkubwa, na timu ya midahalo ikarudi na kombe. Lakini katika kumbukumbu za vikao kila fanikio lilikuwa na jina moja tu pembeni yake: mkuu wa idara, mtafiti mkuu, mkutubi mkuu, nahodha. Nimefanya kazi maabara kwa muda wa kutosha kujua kwamba hakuna hata moja kati ya mambo hayo linaloweza kufanywa na mtu mmoja.

Tena historia ya vyuo imejaa watu walioachwa nje ya ukurasa. Anayenigusa zaidi ni Vivien Thomas, mtaalamu wa maabara wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani. Alikuwa Mmarekani mweusi, hakuwa na shahada yoyote, na ndiye aliyetengeneza na kuijaribu kwa wanyama mbinu ya upasuaji wa watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo inayowafanya wawe na rangi ya bluu. Novemba 1944 upasuaji wa kwanza ulipofanyika, alisimama nyuma ya daktari Alfred Blalock akimwelekeza hatua kwa hatua. Makala iliyotangaza mafanikio hayo mwaka uliofuata ilibeba majina ya Blalock na Helen Taussig, na la Thomas halikuwemo. Chuo kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1976, zaidi ya miaka 30 baadaye. Leo madaktari wengi wanaliongeza jina lake katika jina la upasuaji ule. Kila nilipoona safu ya jina moja katika kumbukumbu zetu, nilijiuliza ni Thomas gani wa kwetu anayesubiri.

Njia niliyotumia ilikuwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Nililichukua fanikio, nikamwendea aliyelikabidhi, nikamwuliza ni nani alimkabidhi yeye, kisha nikaenda kwa huyo. Baada ya mazungumzo machache niligundua kwamba swali la "nani alikusaidia" halifai. Mtu akiulizwa hivyo huanza kupanga majina kwa vyeo, na anayeuliza hupewa orodha ileile ya ripoti. Swali lililozaa matunda lilikuwa hili: nani asingekuja kazini kwa wiki nzima, kazi hii ingekwama? Hapo watu hunyamaza kidogo, wanafikiri kweli, kisha hutaja jina ambalo hukulitarajia. Mwenyekiti wa jopo la ithibati alimtaja karani wa ofisi ya msajili, kwa sababu ndiye aliyejua kila muhtasari wa somo ulipohifadhiwa na toleo lipi ndilo lililopitishwa na seneti. Nahodha wa midahalo alimtaja mwanafunzi ambaye hakupanda jukwaani hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuwapinga wenzake kila jioni mpaka hoja zao zikakomaa.

Kwa upande wa utafiti nilipata msaada mahali pengine. Majarida mengi ya kitaaluma hutumia mfumo uitwao CRediT, ulioanza mwaka 2014 na kuwa kiwango rasmi Marekani mwaka 2022. Unagawa mchango wa kazi ya kitaaluma katika majukumu 14, yakiwemo kubuni wazo, kuandaa mbinu, kukusanya na kutunza data, kutafuta fedha, kusimamia na kuhariri. Niliyachukua, nikayaeleza kwa Kiswahili cha kawaida, kisha nikaongeza yale ambayo jarida haliyahitaji lakini chuo hakiwezi kuishi bila hayo: ulinzi, usafi, usafiri, kutunza vifaa, kukaa na mwanafunzi aliyekata tamaa. Nikienda idara, niliweka karatasi hiyo mezani na kuomba tujaze pamoja. Nafasi ikibaki tupu, watu wenyewe walianza kukumbushana.

Maabara ya biolojia ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mtafiti mkuu alinielekeza kwa mtaalamu wa maabara, kijana mpole ambaye katika ripoti za nyuma aliingia chini ya "wasaidizi wa kiufundi". Nilimkuta na daftari kubwa lenye jalada gumu, kona zimechakaa.

"Kaka, namba hizi ni za nini?"

"Za jokofu la sampuli, mwalimu. Nasoma asubuhi na jioni."

Kila ukurasa ulikuwa na safu zilizopigwa kwa rula: tarehe, saa, nyuzi joto, kilichoonekana, kilichofanyika. Jokofu lile linatakiwa kubaki kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na ukurasa baada ya ukurasa namba zilikuwa zinafanana, mpaka unakaribia kulifunga daftari. Kisha nikakuta mstari huu: "Saa 8 usiku. Umeme umekatika, jenereta haikuitika. Nimehamishia sampuli jokofu la idara jirani. Zote zimehesabiwa." Hakukuwa na alama ya mshangao wala neno la kujisifu, na mstari uliofuata ulikuwa wa asubuhi yake, saa ileile ya kawaida. Sampuli zile ndizo zilizokuwa utafiti wote wa shahada ya uzamivu wa mwanafunzi wetu mmoja, na hakuwa na nyingine. Nilimwuliza mwanafunzi huyo kama alijua. Alijua kwamba umeme ulikatika. Hakujua kwamba kuna mtu aliamka usiku.

Sehemu ngumu ilikuwa watu kukataa kutajwa. Wengi wa waliokataa walikuwa watumishi wa kada za chini, na sababu yao ilikuwa moja. Mama mmoja wa usafi, ambaye wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimtaja mara nyingi kuliko mhadhiri yeyote, aliniambia, "Mwanangu, kazi ya mshahara haishukuriwi."

"Mama, profesa naye analipwa mshahara, na kila mwaka tunamshukuru."

Alinitazama, akapangusa mikono. "Basi mwandike na mwenzangu wa zamu ya jioni. Bila yeye mimi siwezi."

Nilimwandika. Na ikawa hivyo kila mahali: niliyemtaja alinitajia mwingine, na ukurasa mmoja ukawa sura nzima.

Wahadhiri walikuwa na kigugumizi cha aina nyingine. Niliwaomba kila mmoja aandike barua fupi kwa mtu aliyemtegemea, na wengi walisema itaonekana kama kujipendekeza, au watakosa maneno mazuri. Niliwaeleza utafiti wa Amit Kumar na Nicholas Epley uliochapishwa mwaka 2018. Watu walioandika barua za shukrani walidhani wapokeaji wangeona aibu, tena wakajisumbua sana kuhusu ufasaha wao. Wapokeaji wenyewe walipoulizwa, walikuwa wamefurahi kuliko waandishi walivyotarajia, aibu ilikuwa ndogo, na walichojali ni ukunjufu wa moyo kuliko uzuri wa sentensi. Upo pia utafiti wa Adam Grant na Francesca Gino wa mwaka 2010, ambao nauamini zaidi kwa sababu sehemu yake ilifanyika chuoni. Waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo walitembelewa na mkurugenzi wao, akawashukuru kwa kazi yao. Wiki iliyofuata simu walizopiga ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Hakuwapa nyongeza wala zawadi. Aliwaambia tu kwamba kazi yao inaonekana. Baada ya kusikia hayo barua zilianza kuja, na nilizipenda zaidi zile fupi. "Ulinirudishia sura ya tatu ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa, na ndiyo sura pekee ambayo mtahini hakuigusa," aliandika mmoja.

Kuna jambo ambalo nililisimamia kwa nguvu zangu zote. Kijana mmoja aliyeingiza tasnifu kwenye kanzidata, kwa mkataba wa muda, alikuwa bado anadai malipo yake wakati jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya shukrani. Niliiomba kamati tusimpe barua mpaka alipwe. Mtu anayedai haki yake akipewa cheti na makofi, anadharauliwa mbele ya watu. Uongozi ulinielewa, malipo yakatoka kabla ya mahafali, na barua yake ikasainiwa baada ya hapo. Yeyote anayeandaa shukrani za taasisi namsihi aanzie ofisi ya mhasibu.

Mpangilio wa majina nao ulileta mjadala, kwa kuwa watu wa itifaki walitaka vyeo. Nilipendekeza tufuate mtiririko wa kazi: aliyeanza aanze, aliyemaliza amalizie. Kwa mpangilio huo Rasi mwenyewe alionekana mwishoni kabisa katika habari ya ithibati, pale aliposaini, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukubali. Kila aya ilipelekwa kwa mhusika aisome kabla ya kuchapishwa. Walirekebisha mengi, karibu yote kwa kupunguza sifa zao na kuongeza za wengine.

Siku ya mahafali tulibadilisha jambo moja tu katika ratiba. Badala ya mshereheshaji kusoma orodha, kila shukrani ilisomwa na yule aliyenufaika. Mhitimu wa uzamivu alisimama na joho lake na kusoma ule mstari wa saa 8 usiku kama ulivyoandikwa, neno kwa neno. Kisha akamwita mtaalamu wa maabara kwa jina lake kamili. Wanataaluma na watumishi waendeshaji, ambao kwa kawaida huketi pande mbili za ukumbi, walisimama pamoja. Nilikuwa nimeshika karatasi za ratiba, na sikuweza kuzisoma kwa muda.

Tangu hapo fomu za ripoti za idara zina safu mpya ya kuandika nani alifanya nini, na hujazwa kila robo mwaka. Hilo ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu kumbukumbu za watu hufifia haraka, na anayesubiri mwezi wa mahafali atakumbuka waliomo ofisini tu, awasahau waliostaafu au kuhamishwa katikati ya mwaka. Makala mpya za maabara zimeanza kubeba jina la mtaalamu wetu miongoni mwa waandishi pale mchango wake unapostahili, na mwaka huu anajiandaa kuanza shahada ya uzamili.

Ukatibu nimeukabidhi kwa mwenzangu wa kitengo cha maktaba. Nilimpa karatasi ya majukumu, lile swali la wiki nzima, na orodha ya watu ambao hatukuwafikia, wengi wao wakiwa walinzi wa zamu za usiku. Ameshaanza kuzunguka kwenye malango baada ya saa 4 usiku.