Siku Namba Ilipopanda

Mama mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, alimaliza kemo ya saratani ya ovari mwezi Januari: dozi sita za kaboplatini na paklitakseli, moja kila baada ya wiki tatu. Kabla ya kuanza, CA-125 yake, kipimo cha damu kinachofuatilia saratani hii, ilikuwa imepita 900. Alipomaliza ilisoma 22, chini ya ile 35 ambayo maabara huiweka kuwa kikomo. Tulipika pilau, majirani wakaja.

Mei ikasoma 68. Tukarudia kipimo: 140.

Siku ya kliniki, baba mkubwa alituagiza mapema: "Mwambieni daktari arudishe dawa ile ile, si ndiyo iliyomnyanyua?" Nikalisema hivyo hivyo, karatasi ya majibu mkononi imelowa jasho.

Daktari, mama wa makamo, aliichukua, akaigeuza, akachora mstari nyuma yake. Huku dozi ya mwisho, huku leo. Katikati akaandika "miezi 6". Ugonjwa ukirudi baada ya hapo, alisema, platini, yaani dawa za jamii ya kaboplatini, mara nyingi huufanyia kazi tena. Ukirudi kabla, umeshakuwa sugu.

"Mnakumbuka klorokwini? Mwaka 2001 Tanzania nzima iliiacha, kwa sababu malaria ilishaizoea."

Platini huua seli kwa kung'ang'ania DNA yake. Seli zilizosalimika ni zile zinazojua kuitema dawa nje, au kuunga upesi kilichoharibika, na ndizo zinazozaana sasa. Kurudisha platini ile ile kungemtapisha tu.

"Basi mpe nyingine leo," nikasema. Nilikuwa nimepandisha sauti.

Hakukasirika. Alimgeukia mgonjwa mwenyewe. "Dada, unakula? Tumbo linajaa? Unalala?" Anakula, halijai, analala. Sitiskani, picha ya ndani ya mwili, ilionyesha kivimbe kidogo. Akatueleza utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010: wanawake walioanzishiwa kemo mara tu CA-125 ilipopanda hawakuishi zaidi ya waliosubiri dalili. Walichopata ni kuchoshwa na dawa mapema.

Nilichukia kusikia vile. Miezi yote ile tuliishi kwa namba, ikishuka tunacheka, ikipanda hatulali, na hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kuijua mapema si lazima kumwongezee mtu maisha. Naamini hadi leo kwamba mgonjwa anapaswa kuelezwa hilo kabla sindano ya kwanza ya kipimo haijamwingia mkononi, ili achague mwenyewe kama anataka kuifuatilia.

Mama mkubwa aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo daktari, Tanga kwenye harusi ya mjukuu wangu naruhusiwa?"

"Nenda, dada. Tumbo likianza kujaa, usisubiri tarehe, njoo."

Alikwenda, akakaa huko hadi baada ya mfungo. Tumbo lilipoanza kujaa alirudi, akaanzishiwa paklitakseli peke yake, kila wiki.