Saa Sita Mchana kwenye Njia ya Darwin

Saa mbili asubuhi nilikuwa kituo cha treni cha Victoria, London, nikiwasubiri walimu watatu wa biolojia kutoka Tanzania ambao siku hiyo nilikuwa mkalimani wao. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeandaa orodha ya istilahi, na neno moja tu lilikuwa limenishinda: jina la lile jiwe gumu la kijivu linalotoa cheche likigongwa.

Tulishuka Bromley South, tukapanda basi namba 146 hadi kijiji cha Downe, na baada ya saa nne tukaingia Down House, nyumba aliyohamia mwanasayansi Charles Darwin mwezi Septemba 1842 na kuishi humo hadi alipofariki Aprili 1882. Wengi humkumbuka kwa miaka mitano aliyosafiri katika meli ya Beagle, lakini kwa maoni yangu kazi yake kubwa ni hii miaka 40 ya kukaa mahali pamoja. Katika chumba chake cha kazi, ambamo aliandika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, nilieleza kwamba alikuwa akiandika juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti. Nilipofikia mtungi wa “tumbaku ya kunusa”, ambao aliuweka ukumbini ili kila akitaka kunusa alazimike kuinuka, mwalimu mkubwa kwa umri alinikatiza kwa upole: “Si useme ugoro tu, mwanangu?” Nikasahihisha orodha yangu papo hapo.

Saa tano tulikuwa kwenye kibanda cha kioo, penye mimea inayokula wadudu. Hapo niliwasimulia habari ya okidi ya Madagaska yenye mrija wa nekta wa karibu sentimita 30, iliyomfanya Darwin aandike mwaka 1862 kwamba lazima yuko nondo, mdudu wa jamii ya vipepeo, mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo huyo alikuja kuelezwa kisayansi mwaka 1903, yeye akiwa amekwisha kufa.

Saa sita, wakati uleule ambao Darwin alizoea kutoka na mbwa wake, tulianza kuizunguka Sandwalk, njia nyembamba inayopita kando ya kijisitu alichokipanda mwenyewe. Ili asipoteze hesabu ya mizunguko huku akifikiri, aliweka rundo la mawe na kusukuma moja kwa mguu kila alipopita. Mwalimu yule aliliokota moja, akaligeuza mkononi.

“Hili ni gumegume. Kwetu wazee walikuwa na bunduki za gumegume.”

Nilisimama nikaliandika.

Tulipanga mawe matano, tukatembea. Saa saba kasoro, walimu wawili walishikilia kwamba tumemaliza, na wa tatu akasisitiza kuwa kuna aliyesukuma mawe mawili kwa mpigo, basi tukazunguka tena.