Nilivyolifufua Shimo Letu la Mwisho kwa Kulifupisha

Nimechoka kusikia kwamba shimo la mwisho la uwanja wa gofu, yaani njia nzima toka mpigo wa kwanza hadi kitunduni, halina budi kuwa refu kuliko yote, gumu kuliko yote, na ikiwezekana lizungukwe na maji. Ushauri huo nilipewa na kila aliyepita kaunta ya klabu yetu ndogo, huku kaskazini mwa Tanzania, tangu siku nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya uwanja, na laiti ningeufuata leo tungekuwa na deni, mbu, na shimo lilelile la kusinzia. Handikapu yangu, ile mipigo ya nyongeza anayopewa asiye hodari, ni 19, na zawadi pekee niliyowahi kubeba kutoka klabuni ilikuwa ya bahati nasibu, si ya mchezo. Hata hivyo, katika jambo hili moja naomba niachwe nijisifu.

Uwanja wetu una mashimo 9, kwa hiyo anayecheza raundi kamili huuzunguka mara mbili, na shimo la 9 ndilo hilohilo la 18. Lilikuwa shimo la mipigo minne, yaani mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa minne, mita 310 hivi, limenyooka kama rula, halina la kumfanya mtu afikiri. Ubaya wake mmoja ulikuwa wa kweli: lilielekea magharibi. Wachezaji wengi humaliza saa kumi na moja jioni, na mpira ukishapaa ulikuwa unamezwa na jua, hata makedi, wale wabeba mifuko ya fimbo, walizoea kusimama pembeni wakiwa wamekinga macho kwa kiganja, wakisikiliza mpira unaangukia wapi badala ya kuutazama. Nawashauri wanaopanga uwanja mpya walikumbuke jua kabla ya kukumbuka mandhari.

Mjumbe mmoja wa kamati, mfanyabiashara anayezungumza kana kwamba muhuri umekwisha kupigwa, alitoa simu mfukoni na kutuonyesha picha ya grini, ule uwanda wa nyasi fupi wenye kitundu, iliyo kisiwani kule Sawgrass, Florida. "Mwalimu, watu wanataka kumaliza mchezo namna hii," aliniambia, nasi sote tukaipitisha simu mkono kwa mkono. Nilimwacha amalize kusifu, kisha nikamweleza kwa heshima zote kwamba kisiwa hicho ni shimo la 17, na kwamba wachezaji wakitoka hapo wana shimo zima mbele yao. Hoja yake haikufa kwa sababu hiyo. Alileta fundi aliyetaja mamilioni ya kuchimba bwawa na kulitandika plastiki, pasipo kugusia maji ya kiangazi yangetoka wapi katika mji ambao bomba hutoa hewa kwanza. Mjumbe mwingine alitaka turefushe shimo hadi mita 400 kwa kununua kipande cha shamba la kahawa la jirani, jambo ambalo lingewaadhibu wazee na kina mama peke yao, kwa kuwa vijana wetu wenye nguvu wangefika pale vilevile.

Mimi nilikuwa nikiwaza St Andrews, Uskoti. Shimo la 18 la uwanja ule wa kale halifiki mita 330, feawei yake, ule ukanda wa nyasi zilizokatwa kuelekea grini, imeungana na ya shimo la kwanza na kuwa pana kuliko viwanja vingi vya mpira wa miguu, na halina bunka, mtego wa mchanga, hata moja. Kilichopo ni bonde dogo mbele ya grini, ambalo Waingereza wamelibatiza Bonde la Dhambi. Kwa vipimo vya mjumbe wetu hilo ni shimo la watoto. Mwaka 1970 Doug Sanders alifika pale akihitaji kusukuma mpira kwa umbali usiofika hata hatua mbili ili atwae ubingwa wa wazi wa Uingereza, akakosa, na kesho yake Jack Nicklaus akamshinda. Mwaka 1995 Costantino Rocca aliboronga mpigo wake hadi mpira ukalala bondeni, kisha akausukuma kutoka humohumo, mbali kabisa, ukaingia na kumlazimisha John Daly wacheze mashimo ya ziada. Rocca alishindwa mwishowe, lakini hicho ndicho ninachokiita shimo la kumalizia: linamruhusu mtu apate tatu na linamruhusu apate saba, na yeye mwenyewe ndiye anayechagua mlango.

Nilirushiwa Carnoustie, uwanja mwingine wa Uskoti, kama jiwe. Ni kweli kwamba mwaka 1999, katika ubingwa huohuo wa wazi, Jean van de Velde alisimama kwenye shimo la mwisho akiwa mbele kwa mipigo mitatu, mipigo sita ingemtosha, akapiga saba, na kombe likaenda kwa Paul Lawrie baada ya mashimo ya ziada. Tena ni kweli kwamba kijito kilihusika. Lakini kijito hicho kilikuwa pale siku zote nne, na hakuna aliyemlazimisha Mfaransa yule kuchukua fimbo ndefu wakati fupi ingemfikisha salama. Maji yalisubiri tu. Uamuzi ndio uliomwangusha. Mtu akichimba bwawa mahali ambapo kila mchezaji analazimika kulivuka kwa mpigo uleule, amejenga kituo cha ushuru.

Aliyenipa ufumbuzi ni kedi mzee kuliko wote pale klabuni, ambaye amebeba mifuko tangu enzi za mameneja wa mashamba ya kahawa. Tulikuwa tumesimama nyuma ya grini akaniambia, "Mwalimu, usiguse grini, grini ni gharama. Hamisha mahali pa kupigia." Akanyoosha kidole ng'ambo ya korongo lililopita kushoto mwa shimo, ambalo kwa miaka yote hiyo halikuwa na kazi isipokuwa kupitisha maji ya masika. Ng'ambo ile kulikuwa na kitalu cha nyasi kilichotelekezwa, tambarare tayari, hatua zipatazo sabini kutoka ti, yaani mahali pa kupigia, ya zamani.

Nilipopiga picha hiyo kichwani nilicheka peke yangu. Kutoka kitaluni, korongo linakuwa limekaa mshazari kati ya mchezaji na feawei. Akilenga kulia analivuka kwa mpigo mdogo, lakini anajiachia mpigo mrefu wa pili, bunka ya kulia ikiwa imemkingia grini. Akilenga kushoto, moja kwa moja kwenye bendera, lazima mpira upae mbali kabla ya kuvuka, ila akifanikiwa anabakiwa na kampigo kafupi na grini imemfungukia. Kila hatua ya ushujaa ina bei yake, na kila mtu anajikatia kiasi anachokiweza. Na kwa anayelenga salama, jua lilihama kutoka katikati ya macho hadi begani, angalau kwa miezi mingi ya mwaka. Shimo lenyewe likawa fupi zaidi, mita 290 hivi, na hapo ndipo waliponizomea.

Kazi ya mikono haikuwa kubwa. Tulitupa magogo mawili juu ya korongo, ambapo siku hizi wageni husimama kupigwa picha kama vile wako kwenye daraja la Swilcan, lile dogo la mawe la St Andrews. Lililotaka subira lilikuwa bonde letu wenyewe, dimbwi kavu la kina cha goti mbele ya grini, lililojaa nyasi za kikuyu ambazo huushika mpira kama kupe. Nyasi hizo ukizikata chini kwa siku moja unabaki na vijiti vyeupe, hivyo fundi wetu wa mashine alishusha visu tundu moja kila baada ya muda, mpaka mpira dhaifu ukaanza kupanda nusu ya mteremko, kusita, na kurudi ulikotoka. Yalipogeuka hivyo, hata wafanyakazi waliacha reki wakaja kujaribu.

Kura ndiyo iliyonihitaji ujanja. Sikuomba ruhusa ya kujenga chochote. Nilimwomba nahodha aniazime Jumamosi moja tu ya mashindano ya mwezi, shimo la 9 lichezwe kutoka ti ya zamani na la 18 kutoka kitaluni. Wachezaji walewale, grini ileile, siku ileile. Jioni nilichukua karatasi ya manila nikanakili safu mbili, matokeo ya 9 upande mmoja na ya 18 upande wa pili, bila kichwa cha habari, nikaibandika karibu na kaunta na kwenda kukaa mbali na soda yangu. Safu ya kwanza ilisomeka nne, tano, tano, nne, tano, mpaka macho yanachoka. Ya pili ilikuwa na tatu, saba, nne, nane, tano, na sita moja mashuhuri. Sita hiyo ilikuwa ya yule bwana wa bwawa. Alikuja pale akiongoza kwa mpigo mmoja, mpinzani wake akakata kushoto na kupata tatu, naye, kwa kuona aibu kulenga kulia mbele ya baraza lililojaa watu, akauzika mpira wake korongoni.

Alililaani shimo lile hadi taa za baraza zilipowashwa, na watu wakaacha mishikaki ili wamsikilize. Kabla ya uenyekiti nilikuwa mwanachama kwa miaka mingi, na sikuwahi kumsikia mtu akilitaja shimo letu la mwisho kwa wema wala kwa ubaya. Nilijua kura imepita kabla haijapigwa. Gharama zote, ukijumlisha rangi, udongo, na nyama choma ya vibarua, hazikuzidi bei ya fimbo moja mpya iliyo nzuri.

Bwawa halijaondoka kwenye ajenda. Mwenye hoja sasa analitaka kwenye shimo la 6, na nimemjibu kwamba sina pingamizi, mradi kwanza aniazime Jumamosi moja.