Kumbukumbu ya mradi: kidole gumba kimekubali kubana dagaa

Hatimaye kidole gumba kinagusa ncha ya kidole cha shahada bila kupenya upande wa pili! Mhusika wa katuni yangu ya 3D ni mama muuza dagaa wa Kibirizi, Kigoma. Anamwonyesha mteja kwamba mzigo umekauka: anachukua dagaa mmoja, anambana, anamvunja. Fremu 40, kasi 24 kwa sekunde. Vidole vinne vilitulia mapema, gumba ndicho kilichogoma.

Kosa lilikuwa kwenye mifupa, yaani fito za ndani ya modeli zinazoendesha mkono. Shina la gumba lilikaa usawa wa mafundo ya vidole vingine, wakati kiungo chake halisi kiko chini, jirani na kifundo cha mkono. Hapo ndipo gumba hugeukia kiganja. Ukikosea hapo utazungusha mpaka uchoke, na bado kitabana kwa ubavu. Nimelishusha shina, nikapanga upya migeuko ya mifupa (Shift+N kwenye Blender, programu ya 3D), nikaliacha shina kwenye kwaternioni (mzunguko unaoandikwa kwa namba nne). Pingili mbili za juu zimebaki Euler (mzunguko kwa pembe za mhimili mmoja mmoja), mhimili mmoja tu wazi, maana hazina kazi ya kupinda pembeni.

Likazuka la pili. Pingili za ncha zina konstrenti (kanuni inayofunga mfupa mmoja na mwingine) ya kunakili mzunguko wa pingili ya kati kwa 0.67, kwa kuwa kidole kikikunjwa kawaida ncha hupinda kama theluthi mbili ya kiungo cha kati. Kwa ngumi, safi kabisa. Kwa kubana, haifai: bana kitu kigumu ujitazame, ncha ya shahada hunyooka, hata kubinuka nyuma kidogo. Basi 0.67 inashuka hadi 0 ndani ya fremu 3 kabla dagaa hajavunjika, kisha inarudi ndani ya fremu 2. Bila hivyo vidole ni vya mpira. Sasa nguvu inaonekana ikiingia.

MediaPipe, programu inayosoma mkono kutoka kwenye video, hutoa pointi 21 kwa kila mkono, na kwa kupunga inatosha. Kwenye kubana, gumba hujificha nyuma ya vidole na pointi zinarukaruka. Kuzisafisha kunakula muda kuliko kupanga fremu mwenyewe.

Kilichofuata kwenye orodha ni uzito wa ngozi (kila mfupa unaivuta kiasi gani) kati ya gumba na shahada, bado inajikunja kama karatasi. Imesubirishwa. Sasa mama anapokea hela kwa heshima: mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeushika chini ya kiwiko. Fremu 12 zimekaa, ila kiganja cha kushoto kinateleza kuanzia fremu ya mguso.