Kaskazi hili na mbwa wa pua bapa
Jamani wenye buldogi na pagi hapa Mombasa, msiwatoe mchana na joto hili. Juzi stima ilipotea, feni ikazima, Bobi wangu akaanza kukoroma akiwa macho, yani anavuta pumzi kwa shida mpaka ulimi ukabadilika rangi kama zambarau, mie mikono yatetemeka nikammwagia maji ya kawaida tumboni na miguuni, nikampepea na kipepeo cha jikoni huku twakimbilia kwa daktari wa mifugo na tuktuk. Alhamdulillahi akarudi.

Daktari alinieleza hawa matundu yao ya pua ni membamba na nyama laini ya nyuma ya kaakaa ni ndefu, yaziba njia ya hewa, na mbwa hupoza mwili kwa kuhema sasa akishindwa kuhema joto lamjaa ndani. Kumbe kile kikoroma nilichokuwa nikikiona kizuri ndio ugonjwa wenyewe, roho imeniuma sana. Saa hizi twatembea alfajiri tu, kola nimetoa namfunga mkanda wa kifuani, na mahamri hapewi tena maana unene wazidisha. Ya opereshini ya kupanua pua twangoja apimwe.